Shajara ya Bi Tatu, kinyonga mgonjwa mwenye mimba

Jumamosi usiku

Bi Tatu ameingia nyumbani leo. Mizani ya jikoni inasema gramu 74, na hapo nimepima pamoja na mimba. Jike mzima wa aina yake aliyebeba angepaswa kuwa mzito kuliko hivyo. Mifupa ya kiuno imejitokeza na mkia umekonda kwenye shina, ilhali ubavuni amejaa. Kwa hiyo kilichomo tumboni kinakula, na yeye ndiye chakula.

Niandike hali yake yote kabla sijaanza kuizoea. Macho yamezama ndani na anayafumba mchana kweupe. Kinyonga mwenye afya hafumbi macho mchana, na huyu anafumba hata nikiwa nimesimama mbele yake. Anainua pua juu, anaacha mdomo wazi kidogo ili avute hewa, na nikisogeza sikio nasikia mlio wa mate yanayopasuka. Vidole vinashika lakini havikazi. Shingoni ana uvimbe laini kulia na kushoto. Choo chake kina ile sehemu ya mkojo, ambayo kwao hutoka kama donge la chokaa. Ikiwa nyeupe, maji yanatosha mwilini. Yake ni rangi ya chungwa.

Aliyekuwa naye kabla yangu si mtu mbaya, ila alishauriwa vibaya dukani. Alimweka kwenye tangi la kioo lililozibwa, taa ya joto ikiwaka mchana na usiku, kipimajoto kimeganda kwenye nyuzi 32, na kila mlo ukanyunyiziwa unga wa vitamini. Aliambiwa vinyonga ni wanyama wa jangwani.

Wapo wa jangwani, kule Namibia, lakini huyu si wao. Huyu ni kinyonga wa Jackson, wa miteremko ya Mlima Kenya, kwao kwenye ukungu na baridi. Boulenger, mtaalamu wa reptilia, ndiye aliyeiandika spishi hii mwaka 1896 na kuipa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Madume wana pembe tatu usoni, ndiyo maana ya jina la Bi Tatu. Yeye mwenyewe hana hata moja.

Namna mnyama wa Nyeri alivyofika Tacoma, jimbo la Washington, ni hadithi ndefu kuliko yangu mimi, na mimi pia nilitoka Nyeri. Zamani Kenya iliwauza nje kwa maelfu, hadi biashara hiyo ikafungwa mwaka 1981. Kabla ya hapo, mwaka 1972, mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu, Hawaii, alipokea shehena ya vinyonga waliochoka kwa safari na kuwaachia bustanini wapate nguvu. Walipata nguvu, wakatokomea vichakani. Leo wamejaa huko, na wengi wanaofugwa Marekani asili yao ni hao. Kenya kwenyewe huwezi kumbandua ukutani ukamfuga tu; bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni kosa kisheria.

Jumapili

Daktari hapatikani hadi kesho, kwa hiyo leo nimetengeneza mahali pa kukaa.

Kizimba ni cha wavu pande zote, sentimita 60 kwa 60, kimo 120. Hewa ipite. Ndani nimeweka mti wa chungu wa jamii ya mikuyu wenye majani mengi, na matawi ya unene tofauti ili mshiko wake dhaifu upate linalomfaa. Taa ya mionzi ya urujuanimno ni ile ndefu ya mrija, juu ya wavu, kwa sababu bila mionzi hiyo ngozi haitengenezi vitamini D na kalsiamu yote utakayompa inapita bure. Balbu ya kuotea joto ni ndogo: nyuzi 28 kwenye tawi la juu, basi. Chini kabisa ni 22. Achague mwenyewe.

Usiku ndio niliougombania. Nimezima taa zote na kufungua dirisha la chumba. Februari hii nje ni kama nyuzi 4. Chumbani imeshuka hadi 13. Mke wangu amesema mgonjwa wa mapafu haachwi kwenye baridi. Kwa binadamu ni kweli. Kwa huyu, usiku wa joto ndio uliomchosha: mwili haukupata kulala, na maji yaliendelea kumtoka kwa kila pumzi. Hata hivyo nimekubaliana naye kwamba tusishuke chini ya 15 hadi daktari aseme, maana mnyama mgonjwa hapigani na vijidudu akiwa baridi. Nimeegesha dirisha, limebaki wazi kidogo tu.

Nimempigia Mama simu kumuuliza asubuhi ya Nyeri ilikuwaje.

"Baridi. Umande hadi saa nne. Kwa nini?"

Nikamweleza.

"Umetoa pesa yako kumtibu kimbu?" Ndivyo kinyonga anavyoitwa kwa Kikuyu. Akanyamaza kidogo. "Hapa wamejaa kwenye ua wa kaiyaba. Hatuwagusi, na wao hawatugusi."

Nikamuuliza huwa anawaona saa ngapi wakinywa. Akasema alfajiri, wakilamba majani, kabla jua halijapanda. Hilo limenifaa kuliko kurasa nyingi nilizosoma.

Jumatatu

Zahanati ya karibu inatibu mbwa na paka tu. Mapokezi walisikia neno kinyonga wakadhani nafanya mzaha. Tukaendesha hadi kwa daktari anayejua reptilia.

Akamshika mara moja tu. Alipanga vyombo vyote mezani kwanza, akapunguza taa, ndipo akamtoa. Damu ilichotwa mshipa wa chini ya mkia, tone dogo. Eksirei ilionyesha ukungu kwenye mapafu. Ultrasaundi ndiyo iliyonipa picha ya tumbo: mifuko imepangana pande zote mbili, na katika baadhi kitu kidogo kinadunda. Kinyonga wa Jackson hatagi mayai. Vijusi hukaa ndani miezi mitano, sita, au zaidi, kila kimoja na utando wake, na huzaliwa hai. Daktari hakuweza kuhesabu wangapi. Alisema wengine hawadundi.

Majibu ya damu: kalsiamu iko chini. Anawatengenezea watoto mifupa kwa kuichota kwenye yake. Na hapa ndipo pagumu, maana mtu wa kawaida angekimbilia kumjaza unga wa kalsiamu wenye vitamini D. Uvimbe wa shingoni, alisema daktari, mara nyingi kwa aina hii huja na virutubisho vilivyozidi, hasa vitamini A na D, na alikotoka alivila kila siku. Ana upungufu wa kimoja na ziada ya kingine, papo hapo. Kwa hiyo: kalsiamu ya maji kwa mdomo, tone kwa tone, isiyo na vitamini yoyote, unga wa vitamini marufuku hadi atakaposema.

Nimonia inatibiwa kwa seftazidimu, dawa ya kuua bakteria, sindano kila baada ya saa 72. Reptilia huitoa dawa hiyo mwilini polepole, ndiyo maana ya nafasi ndefu hivyo, na kwangu ni heri, kwa sababu kila sindano ni kumkamata. Huchomwa nusu ya mbele ya mwili, begani; damu ya miguu ya nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla haijazunguka, na dawa ikaondoka bila kufanya kazi. Daktari ametupa sindano zilizojazwa tayari, za kuhifadhiwa kwenye friza. Sasa zimelala kwenye kopo karibu na mahamri ya mke wangu, na kopo limeandikwa kwa kalamu nyekundu SI CHAKULA.

Tukazungumza kuhusu upasuaji. Kumtoa watoto sasa kungempunguzia mzigo, lakini dawa ya usingizi huvutwa kwa mapafu, na mapafu ndiyo mabovu. Na watoto hawajatimu. Daktari akasema yeye angengoja, mimi pia. Ila akaniachia mpaka: akianza kuhangaika, akishuka sakafuni, akikamua na hakuna kinachotoka, nisingoje hata siku moja.

Alhamisi

Sindano ya kwanza nyumbani. Unaitoa kwenye friza, unaifumbata kiganjani hadi iyeyuke, unaigeuza polepole mara mbili tatu. Ujazo wenyewe ni mdogo hivi kwamba mara ya kwanza nilidhani bomba ni tupu. Mke wangu alimwachia Bi Tatu atembee juu ya mkono wake, mimi nikachoma ngozi ya bega alipokuwa bado anatembea. Akawa mweusi mzima, akatufungulia mdomo kwa hasira. Nilifurahi kuona hasira.

Mdomo ukiwa wazi, tukadondosha kalsiamu. Hatukuulazimisha kwa kidole. Taya lao ni laini hasa kalsiamu ikipungua, na tone likiingia kwenye njia ya hewa utakuwa umeongeza nimonia juu ya nimonia. Tone moja, ameze, jingine.

Halafu nikaweka shuka kwenye pande tatu za kizimba, nikafunga mlango. Kutokumtazama ni sehemu ya tiba. Macho ya kinyonga yanaona karibu pande zote, na kila anayesimama pale kumhurumia, kwake ni ndege mkubwa anayepiga hesabu.

Wiki ya pili

Maji. Nimefikiria maji kuliko dawa.

Bakuli la maji hawalitambui. Wanakunywa matone yanayotembea kwenye jani. Nimeweka bomba la kunyunyiza kwa muda mrefu alfajiri na tena jioni, ukungu wa baridi usiku dirisha likiwa wazi, na mchana kizimba kikauke kabisa, kwa sababu unyevu usiokauka ndani ya hewa iliyosimama ndio unaozaa maradhi ya mapafu. Juu ya kizimba nimetundika kopo lenye tundu la sindano, linadondosha juu ya jani moja lile lile.

Shemeji yangu wa Likoni, anayekaa nasi, alisema siku ya kwanza, "Shemeji, mimi na huyo hatulali nyumba moja." Lakini yeye ndiye anayerudi kazini ghalani saa kumi na moja alfajiri, sisi tukiwa tumelala, na bomba letu la kunyunyiza halina saa ya kujiwasha. Tukakubaliana: asifungue mlango wa kizimba, abonyeze swichi, akae jikoni na chai yake hadi muda uishe, azime. Leo ameacha karatasi mezani: "Amekunywa. Nimeona koo likienda. Muda mrefu."

Choo cha leo: manjano hafifu, ncha nyeupe.

Ijumaa

Macho yalikuwa wazi hadi saa saba mchana. Kisha akafumba.

Hajala chochote tangu aje. Tumempa ujiuji wa unga wa wagonjwa kwa bomba lisilo na sindano, kidogo sana. Mwili uliokauka haupokei chakula. Ukianza kulisha kabla ya kunywesha, kinaozea tumboni. Ndiyo maana tulingoja rangi ya choo ibadilike.

Jumanne, mwisho wa Februari

Amepiga ulimi.

Kiwavi wa hariri, mnene, mweupe, nilimbandika kwenye tawi sentimita chache mbele yake na kuondoka. Nilichungulia kupitia upenyo wa shuka. Jicho moja likaenda kwa kiwavi, la pili likabaki kwangu. Kisha la pili nalo likaja mbele, yote mawili yakatazama mahali pamoja, mdomo ukafunguka kidogo na ncha ya ulimi ikajitokeza. Akakaa hivyo muda mrefu hadi nikadhani ameghairi. Ulimi ulitoka mfupi, nusu ya unavyoweza kwenda, ukanasa, ukarudi polepole. Misuli ya ulimi pia inahitaji kalsiamu. Akatafuna.

Tangu hapo ni viwavi wa hariri, nyenje wadogo, na mara moja konokono mdogo wa kufugwa, maana porini wanakula konokono na gamba lake lote. Konokono wa bustanini simpi. Huwezi kujua ametambaa juu ya sumu gani. Nyenje wanakula sukuma wiki, karoti na kipande cha chungwa siku nzima kabla hawajaliwa wao. Mke wangu analalamika kwamba nyenje wanapata sukuma mbichi kila siku na sisi tunakula ya friza.

Machi, mwanzoni

Sindano zimekwisha. Mlio wa kupumua haupo. Pua haiinuki tena. Uvimbe wa shingo umebaki vile vile, na daktari amesema huo utatoka kwa wiki nyingi kama utatoka. Kipimo cha damu: kalsiamu imepanda, bado haijafika. Uzito gramu 81.

Daktari ameruhusu usiku ushuke hadi 12. Dirisha wazi kabisa, familia nzima imevaa soksi.

Machi, karibu na mwisho

Amekataa kula. Kwa kinyonga mwenye mimba pevu hilo linaweza kuwa dalili njema au mbaya, na zote mbili zinafanana. Anatembea. Anashuka chini, anapanda, anashuka. Tumbo limebadilika umbo, limelala chini zaidi, na ukimtazama kwa pembeni unaona vinundu vikisogea.

Nimetoa kila kitu kigumu sakafuni nikatandika taulo za karatasi zilizolowa juu ya majani. Simu ya daktari iko mezani.

Alfajiri iliyofuata

Shemeji ndiye aliyetuamsha, kwa kugonga mlango wa chumba cha kulala kwa nguvu ambazo si za alfajiri. "Njooni. Anaangusha vitu."

Alikuwa kwenye tawi la katikati. Ananyanyua mkia, anakaza ubavu, anasukuma, na kifuko kinachong'aa kinatoka, kinaning'inia kwa sekunde, kinaanguka. Halafu anapiga hatua mbili tatu na kusukuma kingine mahali tofauti. Hageuki kutazama. Cha kwanza nilichokiona kilinata kwenye jani. Ndani ya utando mtoto alikuwa amejikunja, mkia umezungushwa hadi kidevuni, rangi ya kahawia iliyoiva na alama nyeupe ubavuni. Hakutikisika. Kisha akajinyoosha mara moja, mwili mzima, utando ukapasuka, naye akabaki amekaa pale na macho wazi, na mguu wa mbele ukaenda hewani kutafuta kijiti. Hawajafika sentimita sita na wanajua kila kitu.

Wengine hawakujinyoosha. Nilijizuia kuwagusa mapema. Mtoto anaweza kukaa kimya dakika kadhaa. Baadaye nilipasua tando kwa brashi laini iliyolowa. Wanne walikuwa kamili, wana kucha na kope, wamekufa. Yalitoka pia mayai kadhaa ya manjano ambayo hayakuwahi kuwa kitu.

Halafu akaacha kuzaa katikati. Saa nzima, hakuna. Ubavu unakaza na kulegea. Nilimpigia daktari, akauliza anashika tawi vizuri au la. Nikasema vizuri. Akasema funga shuka, nyunyiza maji, ondokeni wote, nipigie baada ya saa mbili. Akiwa bado, mlete, tutampiga sindano ya kalsiamu. Ile ya kuongeza utungu wanayopewa wanyama wengine, alisema, kwa vinyonga haitegemeki.

Kukaa jikoni na kusikiliza maji ndiyo kazi ngumu niliyofanya katika mradi huu wote. Shemeji alitengeneza chai mara tatu, na hakuna aliyeinywa.

Tulipochungulia, kulikuwa na watoto wapya chini, na yeye amepanda tawi la juu, anaota joto, macho wazi. Hesabu: 11 hai. Uzito wake: gramu 62. Alikunywa kwenye kopo la matone hadi nikatoka nikamwacha.

Aprili

Ultrasaundi haionyeshi kilichobaki tumboni. Eksirei: mapafu safi. Anakula kila siku kwa fujo, na daktari amesema nimwache ale, lakini kalsiamu iendelee hadi kipimo kijacho cha damu. Uzito 69. Uvimbe wa shingo umepungua upande wa kulia. Wa kushoto bado.

Watoto nilimtenga nao siku ile ile, kwani kwa mama kinachotembea na ni kidogo ni chakula. Wako kwenye vizimba viwili vidogo vyenye majani mengi, hakuna joto la ziada, nyuzi 23 mchana. Wanakula nzi wa matunda wasioruka, walionyunyiziwa kalsiamu kidogo mno. Mmoja hafungui jicho la kushoto; nalilowesha kwa maji ya chumvi ya dawa asubuhi. Mmoja amekufa wiki iliyopita bila dalili. Mzito kuliko wote ana gramu 1.1.

Jambo moja bado halijaisha. Majike hawa huhifadhi mbegu za dume miezi mingi, na anaweza kubeba tena bila kuonana na dume yeyote. Daktari anataka apumzike. Hatuna namna ya kumzuia isipokuwa kumlisha kwa kiasi na kutomzidishia joto atakapopata nguvu. Kwa hiyo kila Jumapili anapimwa, na nikiona gramu zinapanda kuliko anavyokula, tunarudi kwenye ultrasaundi.

Mama ameomba picha. Nimemtumia. Amejibu: "Huyo wetu ni mnene zaidi."

Kazi za wiki hii: kuanzisha chupa mpya za nzi, maana za zamani zimeingia ukungu, kubadilisha mrija wa taa, kumtafutia shemeji swichi ya kujiwasha yenyewe, ingawa anasema haihitaji.